Bata Anayetembea Wima: Indian Runner na Ufugaji wa Kuchunga

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo ni bata, lakini si yule anayeburuza tumbo uani. Ni Indian Runner, amesimama kama chupa iliyoota shingo, na hayumbi kiunoni, anakimbia. Kaka Kassim, tuanze na jina, maana linapotosha.

KASSIM: Linapotosha kweli. Kwao si India, ni visiwa vya Indonesia: Java, Bali, Lombok. Alfred Russel Wallace, yule mtafiti wa viumbe kutoka Uingereza, alifika Lombok mwaka 1856 akawakuta wanatembea wima karibu kama pengwini. Mabaharia wa meli za mchele waliwala sana, wakawaita askari wa Bali. Hilo ndilo jina lililowafaa. Baadaye katika karne hiyohiyo ya 19 wakawa wameenea Cumberland, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na huko ndiko jina la India lilikoganda.

ZUHURA: Askari wa Bali. Na huo uwima unatoka wapi?

KASSIM: Kwenye nyonga. Miguu yake imekaa nyuma kuliko ya bata wengine, kwa hiyo asipoinua kifua, uzito unamvuta mbele. Akitembea kwa utulivu mwili unakaa kati ya nyuzi 45 na 75 kutoka ardhini. Akishtuka, ananyooka kama mlingoti. Dume ana kilo 1.6 hadi 2.3, jike 1.4 hadi 2. Mnunuzi wa nyama asipoteze nauli.

ZUHURA: Anafugwa kwa mayai. Jike wa ukoo mzuri, akitunzwa, hutaga mayai 150 hadi 250 kwa mwaka, na wapo wanaozidi hapo. Hata yule Khaki Campbell, aina nyingine ya bata anayesifiwa kwa mayai, ana damu ya Runner. Adele Campbell wa Gloucestershire alimpata kwa kuchanganya, akamtangaza mwaka 1898.

KASSIM: Sasa dada Zuhura, wengi wanamwelewa vibaya hapa. Wanamnunua, wanamfungia kwenye banda la kuku, halafu wanasema bata huyu ana wazimu. Huyu ni mnyama wa kundi. Kule Java na Bali anachungwa kama mbuzi: asubuhi anapelekwa kwenye majaruba yaliyovunwa, anaokota punje zilizomwagika, wadudu na konokono, jioni anarudishwa. Mchungaji ana mwanzi mrefu wenye kitambaa au manyoya kwenye ncha. Akiuchomeka ardhini, bata wanabaki karibu nao.

ZUHURA: Kwa hiyo hata ukiwa nao sita tu, unawachunga.

KASSIM: Na usishuke chini ya wanne. Mmoja peke yake hatulii, anaita mchana kutwa. Kuwaswaga, kaa nyuma yao, tembea polepole, shika fimbo ndefu kwa ulalo ili mkono wako uwe mpana. Ukitaka wageuke kulia, sogea kushoto kwao, na uwape nafasi ya kukata kona. Ukiharakisha, kundi linapasuka, na mmoja akibaki nyuma atakimbia huku na huko mpaka ajigonge.

ZUHURA: Mlango wa banda nao uwe mpana. Wanaingia wote kwa pamoja, bega kwa bega. Tundu la kuku la sentimita 30 litawaumiza. Weka upana wa sentimita 75 au zaidi, bila kizingiti, na kama kuna ngazi, iwe mteremko mdogo wenye vijiti vya kukanyagia. Miguu yao ni miembamba, inateguka haraka.

KASSIM: Ndiyo maana hakamatwi kwa mguu. Kamwe. Wabane kwenye kona kwa kipande cha wavu, shika shingo kwa upole karibu na mwili, halafu pitisha mkono chini ya kifua na ubane mbawa.

ZUHURA: Usiku je? Kuna wanaolalamika kwamba banda linalipuka saa nane ya usiku.

KASSIM: Ni kivuli. Gari linapita, tochi inamulika, mmoja anaruka, wote wanamfuata, wanakanyagana gizani. Ziba mianya inayopitisha mwanga wa barabara, au acha taa hafifu sana isiyosogea. Uzio wao hauhitaji kuwa mrefu, mita moja inatosha kwa sababu hawaruki kwa maana ya kuruka. Wa kuzuia mbwa na kicheche ni jambo lingine.

ZUHURA: Mayai. Jike wa Runner kwa kawaida hana hamu ya kuatamia, na yai analiangusha popote alipo, hata kwenye tope. Hutaga alfajiri, kwa hiyo wafungie mpaka saa tatu asubuhi, okota, ndipo uwatoe. Ya kutotolesha yasizidi siku 7. Kutotolesha ni siku 28, nyuzi 37.5 kwenye mashine yenye feni, unyevu kati ya asilimia 55 na 60, na siku tatu za mwisho uache kugeuza mayai na upandishe unyevu hadi 70 au zaidi.

KASSIM: Vifaranga wakitoka, nyuzi 32 juma la kwanza, kisha punguza kila juma. Maji ya kunywa yawe na kina cha kuzamisha pua, la sivyo pua na macho vinaziba, lakini chombo kiwe chembamba wasiingie. Manyoya ya utotoni bila mafuta ya mama yanalowa, na kifaranga aliyelowa usiku anakufa kwa baridi. Chakula bila maji ni marufuku, wanakabwa.

ZUHURA: Halafu wanaanza kuchechemea, vifundo vimevimba, miguu imepinda. Mtu anakimbilia kalisi.

KASSIM: Wakati mara nyingi ni niasini, yaani vitamini B3. Kifaranga wa bata anahitaji kama miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, na chakula cha vifaranga wa kuku kimepangwa kwa hitaji dogo kuliko hilo. Kwa Runner, anayebeba mwili wote wima, upungufu unaonekana upesi. Changanya hamira ya bia, ile iliyokwisha kukaushwa, vikombe 2 hadi 3 kwa kilo 5 za chakula, tangu siku ya kwanza. Mguu ukishapinda kabisa haurudi.

ZUHURA: Protini asilimia 18 hadi 20 majuma mawili ya kwanza, kisha shuka hadi 15 au 16. Ukiendelea kushindilia, manyoya ya bawa yanakua haraka kuliko mfupa na bawa linageukia nje.

KASSIM: Na sumukuvu! Mahindi au mashudu ya karanga yenye ukungu usiwape hata kidogo. Bata ni dhaifu mno kwa sumu hiyo. Watafiti walipoigundua miaka ya 1960 walitumia vifaranga wa bata kama kipimo chake. Mahindi ambayo kuku wako wanakula na kutembea yanaweza kumaliza kundi zima la bata.

ZUHURA: Tumalizie na shamba. Pale Vergenoegd Löw, shamba la zabibu karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, zaidi ya bata elfu moja wa aina hii hutolewa kila siku kuwinda konokono kati ya mizabibu.

KASSIM: Mizabibu ni mirefu, angalia hilo. Kwenye mchicha au miche ya kabichi watakula konokono, halafu watakula mchicha. Waingize baada ya mavuno au mimea ikishakomaa. Konokono wetu wakubwa wa pwani hawamezeki, bata wanakula wale wadogo na mayai yao. Na kama umemwaga sumu ya konokono shambani, usiwaingize, watakula vyote viwili.

ZUHURA: Swali la mwisho, fupi. Dume na jike unawatenganishaje wakiwa rangi moja?

KASSIM: Sauti, kuanzia majuma sita hivi. Mshike mmoja mmoja: anayepiga kelele za kusikika mtaa mzima ni jike, anayekoroma kama amekaukiwa koo ni dume. Bakiza dume mmoja kwa majike watano au sita, wengine uza.