Mashine ya Maswali Iliyotangulia Pong

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Ukimuuliza mtu gemu za kutumbukiza sarafu zilianza na nini, wengi watakutajia Pong, gemu ya kurudishiana mpira kwenye skrini, ya kampuni ya Atari, 1972. Leo nataka tuipe heshima yake mashine iliyotangulia, ambayo haikuwa na mpira wala chombo cha angani. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali.

Iliitwa Computer Quiz. Ilitolewa na Bill Nutting kupitia kampuni yake, Nutting Associates ya Mountain View, California, mwishoni mwa miaka ya 1960. Asili yake ni darasani: Nutting alikuwa amewekeza katika Edex, kampuni ya vifaa vya kufundishia.

Jina lisiwababaishe, mle ndani hamkuwa na kompyuta. Mlikuwa na utepe wa filamu na taa ya kumulika swali kwenye kioo. Unatia sarafu, unachagua mada, swali linatokea na majibu yake, unabonyeza kitufe. Ukijibu upesi unavuna pointi nyingi, ukisitasita zinapungua. Kwangu mimi, ubunifu wote umo humo: saa ndiyo iliyogeuza mtihani kuwa mchezo.

Tena ilikuwa na sura ya heshima. Zama hizo pinball, mashine ya kurusha kigololi kwenye meza ya mteremko, ilitazamwa kama kamari, na New York iliipiga marufuku tangu 1942 hadi 1976. Nani angemkemea kijana kwa kujibu swali la historia?

Tatizo lake kubwa ni kwamba maswali huisha. Utepe ukizunguka vya kutosha, wachezaji wa kila siku hukariri majibu, na mwenye mashine hana budi kutafuta utepe mpya. Kwenye baa za Uingereza, miaka ya 1980, jambo hili liliuma zaidi, maana mashine za huko zilimlipa mshindi fedha taslimu.

Mwaka 1971 Nolan Bushnell, mhandisi wa Ampex, kampuni ya mashine za kurekodi, alikuwa na gemu aliyoibuni pamoja na Ted Dabney, akihitaji wa kuitengeneza. Aliyemkubalia ni Nutting, na gemu hiyo ya chombo cha angani, Computer Space, ikaingia sokoni mwaka huohuo, kabla Atari haijazaliwa. Kampuni iliyokuzwa na maswali ndiyo iliyothubutu kuuza gemu ya video ya kwanza kibiashara. Bushnell na Dabney wakaondoka, wakaanzisha Atari. Na mwaka 1976 kampuni tanzu ya Atari, Kee Games, ikatoa Quiz Show, maswali yakiwa kwenye mkanda, na safari hii ndani mkiwa na prosesa ya kweli, yaani ubongo wa kompyuta.