Mkono Uliopiga Ni Wangu: Majaaliwa, Hiari na Stahili katika Tanzia za Kigiriki

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu za jioni kuja kusikiliza habari za watu waliokufa zamani, nashukuru sana.

Kila mara tanzia ya Sophocles, Mfalme Oedipus, inapomalizika kusomwa darasani, kuna swali moja ambalo halikosi. Mkono unanyooshwa kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, kwani huyu kakosa nini?" Majibu yanamiminika. Alikuwa na hasira. Alikuwa na kiburi. Alimtukana mzee kipofu. Halafu anasimama mwingine: jamani, hakukosa lolote, iliandikwa, maskini wa Mungu. Darasa linagawanyika pande mbili, kengele inalia, watu wanakwenda kula.

Mimi naona pande zote mbili zimepotea njia moja. Wa kwanza wanaamini kwamba aliyetenda lazima awe amestahili kilichompata. Wa pili wanaamini kwamba kama hakustahili, basi hakutenda yeye, miungu ilitenda. Washairi wa Athens wa karne ya 5 KK hawakuyafunga mambo hayo kwenye fundo moja. Kwao mtu aliweza kutenda kwa mkono wake na bado asistahili mateso yake. Aliweza pia kutabiriwa jambo na bado akalitenda kwa hiari.

Kwa ambao hawajaisoma, Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Kisa chenyewe ni hiki. Laius, mfalme wa Thebes, anaambiwa kwamba atauawa na mwanawe. Mtoto anazaliwa, hata siku tatu hazijapita, anafungwa vifundo vya miguu na kupelekwa kutupwa mlimani. Mchungaji anamwonea huruma, anampa mwenzake, na mtoto analelewa Corinth kama mwana wa mfalme Polybus. Akiwa kijana, mlevi mmoja karamuni anamwambia kwamba yeye si mtoto wa baba yake. Wazazi wanakana. Moyo hautulii, anakwenda Delphi kumuuliza mungu Apollo. Apollo halijibu aliloulizwa. Anamwambia kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake.

Hapo mtu mwema angefanya nini? Oedipus anafanya alichofanya: anaikimbia Corinth asije akawadhuru wazee wake. Kwenye njia panda ya barabara tatu anakutana na gari la farasi. Mtangulizi na mzee aliyemo garini wanataka kumwondoa njiani kwa nguvu. Anampiga mwendeshaji aliyemsukuma, na mzee naye, akivizia apite karibu, anamtwanga utosini kwa fimbo yenye ncha mbili ya kuswagia wanyama. "Hakulipwa sawa na alichonipa," Oedipus anamsimulia mkewe, karibu kwa majivuno. Anadhani amewaua wote. Mzee yule ni Laius, na mke anayesimuliwa, sasa Oedipus akiwa mfalme wa Thebes, ni Jocasta, mjane wa Laius na mama yake mwenyewe.

Sasa tuwape nafasi wale wa hasira. Ni kweli, alikuwa mwepesi wa hasira. Lakini hebu tazameni kalenda. Utabiri ulitolewa kabla kijana huyu hajazaliwa, kabla hajawa na mkono wa kupigia wala hasira ya kumponza. Adhabu gani hiyo inayotangulia kosa, tena kabla ya mkosaji mwenyewe? Na tukisema amelipia hasira ya barabarani, je, kumwoa mama yako ni malipo ya hasira? Mizani hiyo imeharibika.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu linamaliza ubishi. Aeschylus, mshairi aliyemtangulia Sophocles, alikwisha kuigiza kisa cha ukoo huu mwaka 467 KK. Katika Saba Dhidi ya Thebes, tamthilia pekee iliyobaki katika zile tatu alizozipanga pamoja, Apollo alimwonya Laius mara tatu: ufe bila mtoto, mji wako utasalimika. Laius akapuuza. Ukoo mzima ukalipa. Hapo kuna kosa, kuna onyo, kuna deni linalorithiwa. Anayetafuta stahili atashiba. Sophocles aliikuta hadithi hiyo mezani imekwisha kupikwa, naye akaiacha. Katika tamthilia yake Laius haonywi chochote; anaarifiwa tu. Mshairi aliyefuta kosa la baba hakufanya hivyo ili sisi tuhangaike kumtafutia mtoto kosa jipya.

Hata Aristotle, anayetajwa sana na watafutaji wa dosari, hawasaidii. Katika kitabu chake juu ya ushairi anasema huruma yetu humwendea mtu anayeteseka bila kustahili. Kweli anasema pia kwamba anguko litokane na kosa kubwa, lakini papo hapo anasema lisitokane na uovu. Kuoa bila kujua unamwoa nani ni kosa kubwa kweli kweli. Dhambi haimo ndani yake.

Nigeuke kwa wale wa "iliandikwa". Ninyi nawaelewa zaidi, maana tumelelewa na lugha ya kudra. Ila Apollo wa Delphi hayuko peke yake juu ya ulimwengu, na kujua kwake mambo ya mbele hakumfungi mtu kamba. Mtabiri wa hali ya hewa akisema kesho mvua, si yeye aliyeinyesha. Zaidi ya hapo, angalieni kinachotendeka jukwaani, si kile kilichotendeka miaka iliyopita. Jukwaani hakuna anayemlazimisha Oedipus. Tiresias, mwaguzi kipofu, anamsihi aache kuuliza ni nani aliyemwua Laius. Jocasta anamsihi. Mchungaji mzee, yule aliyemwokoa, anamsihi kwa jina la miungu. Kila mmoja anamfungulia mlango wa kutokea, na kila mara anakataa, kwa sababu mji unakufa kwa tauni na yeye ndiye mfalme. Ukweli anauchimba mwenyewe mpaka unamwangukia.

Kisha anachukua pini za dhahabu za kufungia nguo kwenye vazi la Jocasta aliyejinyonga, na kujitoboa macho. Delphi haikusema neno juu ya macho. Tiresias peke yake ndiye aliyelitaja, akiwa amekwisha kuchokozwa. Mjumbe anayetoka ndani kuja kutueleza anasema maovu haya mapya yametendwa kwa hiari, na kwamba maumivu ya kujitakia ndiyo yanayouma kupita yote. Kwaya ya wazee inamuuliza Oedipus: ni mungu gani aliyekusukuma? Anajibu: Apollo, rafiki zangu, Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso yangu haya, lakini mkono uliopiga macho haya haukuwa wa mwingine, ni wangu mimi mnyonge.

Sikilizeni jibu hilo tena. Hasemi ni Apollo, basi mimi sipo. Hasemi ni mimi, basi Apollo hayupo. Anawataja wote wawili kwa pumzi moja, wala hawaonekani kumgongana kichwani.

Hili halikuwa la Sophocles peke yake. Mwaka 458 KK Aeschylus alionyesha tamthilia tatu za nyumba ya Agamemnon. Mfalme huyu yuko Aulis na majeshi yake, upepo unawazuia kwenda Troy, na mwaguzi anasema mungu Artemis anamtaka binti yake, Iphigenia. Agamemnon anasema: ni mzito mzigo wa kutotii, na mzito vilevile wa kumchinja mwanangu, pambo la nyumba yangu. Halafu kwaya inasema alijivika nira ya lazima. Ng'ombe havai nira mwenyewe, huvishwa. Huyu alijivika, na tangu hapo, wanasema wazee, nia yake iligeuka akawa tayari kwa lolote. Binti ananyanyuliwa juu ya madhabahu kama mbuzi, mdomo umezibwa asije akailaani nyumba, naye anamtupia macho kila mmoja wa waliomshika. Hao ni watu aliozoea kuwaimbia katika karamu za baba yake. Aeschylus hakuwa na haja ya kutupa maelezo hayo kama angetaka tuseme mfalme hakuwa na la kufanya.

Clytemnestra, mke wa mfalme, anamwua mumewe kulipiza. Anajitetea: msiseme kazi hii ni yangu, ni pepo wa kisasi wa ukoo huu aliyejivika sura ya mke wa marehemu. Wazee wanamjibu kama majaji waliozoea visingizio: nani atakushuhudia kwamba huna hatia? Vipi? Ila pepo huyo wa kale huenda alikuwa mshirika wako. Katika tamthilia inayofuata, mwanawe Orestes amemsimamia na upanga. Mama anasema: majaaliwa, mwanangu, yana sehemu yake katika haya. Kijana anajibu: basi na kifo chako hiki ni majaaliwa yaliyokiandaa. Mistari miwili, na hoja ya "iliandikwa" imekwisha. Anayejitetea kwa majaaliwa amempa na mwuaji wake utetezi uleule.

Msifikiri watazamaji walikuwa watu wa kushangaa tu. Athens ilikuwa na orodha ya raia 6,000 wa baraza la mahakama kila mwaka, na wengi wao bila shaka walikaa kwenye ukumbi wa maonyesho kwenye mteremko wa kilima cha Acropolis kutazama. Mji wao ulikuwa na mahakama tofauti za kuua. Areopagus ilihukumu kuua kwa kukusudia, Palladion kuua bila kukusudia, Delphinion aliyekiri kuua akidai sheria inamruhusu. Aliyeua kwa bahati mbaya hakuuawa, lakini alihama nchi mpaka jamaa wa marehemu wakubali kumsamehe. Hata kitu kisicho na uhai kilichomwangukia mtu akafa kilishtakiwa kwenye Prytaneion na kutupwa nje ya mipaka. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba Pericles, kiongozi wa Athens, na mwanafalsafa Protagoras walishinda kutwa wakijadili kisa cha mtu aliyeuawa na mkuki wa mashindano: mwenye lawama ni mkuki, aliyeurusha, au wasimamizi wa michezo? Nakiri kwamba habari hiyo hunichekesha, lakini watu wanaobishana hivyo hawahitaji kufundishwa tofauti ya kutenda na kustahili.

Ndiyo maana Sophocles, katika uzee wake, alimrudia Oedipus na kumpa wakili: yeye mwenyewe. Oedipus huko Colonus ilionyeshwa mwaka 401 KK, mshairi akiwa amekwisha kufariki. Mjukuu wake ndiye aliyeipeleka jukwaani. Kipofu huyu sasa hajipigi kifua. Matendo yangu, anasema, niliyapata kuliko nilivyoyatenda. Na Creon, ndugu wa Jocasta, anapomtukana, anamuuliza: mtu akikujia hapa hapa sasa kukuua, wewe mwadilifu, utamwuliza kwanza kama ni baba yako, au utampiga? Wapo wanaosema mzee amejigeuka. Sioni hivyo. Hakukana mkono wake hata mara moja. Anachokataa ni aibu aliyobandikwa juu yake.

Lakini mzee huyohuyo, aliyejisafisha kwa hoja nzuri kiasi hicho, anageuka na kumlaani mwanawe Polynices, anayeongoza jeshi kumpiga ndugu yake aliyeko Thebes, kwa hiari yake yote: utakufa kwa mkono wa ndugu yako, naye kwa wako. Hapo hakuna kutojua. Antigone, binti wa Oedipus, anamshika kaka yake: rudisha jeshi, huoni unayapeleka maneno ya baba moja kwa moja kwenye kutimia? Barabara ya kurudi Argos, alikotoka na jeshi, iko wazi. Anachohitaji ni kugeuza farasi. Polynices anasema ni aibu kukimbia, ni aibu mkubwa kuchekwa na mdogo wake. Antigone anauliza: na nani atakufuata akisikia yaliyotabiriwa? Anajibu kwamba hatawaambia. Jemadari mzuri husema habari njema na kuficha mbaya.

Kwa hiyo anakwenda Thebes akijua atakufa, kwa sababu ya kuogopa kuchekwa, na nyuma yake jeshi la watu ambao utabiri ule hakuna aliyewasomea. Wale wa "kakosa nini" na wale wa "iliandikwa", ningependa tuanzie maswali yenu hapo, kwa askari hao. Karibuni.