Makohozi Yapande Pikipiki, Mgonjwa Abaki Nyumbani

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi, wauguzi, ndugu zangu wa maabara, na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, habari za asubuhi.

Dalili za kifua kikuu sitazirudia. Aliyezisahau aangalie ukutani kwenye zahanati yake, bango lipo. Mimi nimekuja na kopo hili la makohozi. Wengine mmeshaniona nalo Kondoa, wengine Mpwapwa, na mnajua ninachotaka kusema. Nitakisema tena kwa sababu bado hakijafanyika.

Kuna mama mmoja wa upande wa Bahi, kijiji sikitaji. Alianza kukohoa wakati wa palizi ya uwele. Mimi nilikutana naye uwele umeshavunwa, watu wanapura mtama. Alikaa mbele yangu, akafungua fundo la kanga, akatoa maganda ya dawa alizokuwa amemeza, akayapanga mezani moja moja. Amoksilini, ya zahanati. Amoksilini tena, zahanati ile ile. Dawa ya maji ya kikohozi, ya duka la dawa muhimu. Siprofloksasini, ya duka hilo hilo, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, maana dawa za jamii ile huwapunguza nguvu kidogo vijidudu vya TB. Mgonjwa anapata nafuu, anashukuru, anarudi shambani, halafu kikohozi kinamwangusha upya.

Nikamuuliza, “Mama, huko kote ulikopita, kuna aliyekupa kikopo ukatema?” Akanijibu, “Hapana mwanangu. Waliniambia niende wilayani.”

Akaenda. Aliuza kuku wawili apate nauli. Alifika Ijumaa alasiri, akaambiwa muda wa kupokea sampuli umepita, aje Jumatatu. Alale wapi mpaka Jumatatu? Hana ndugu pale. Akapanda gari akarudi kwake, na jina lake halikuandikwa popote.

Muda wote huo alikuwa akilala na mjukuu wake wa miaka mitatu ndani ya tembe. Mliozaliwa huku mnaijua tembe: kuta za udongo, paa la udongo, kidirisha cha kupitisha mkono. Kwa upepo wetu na baridi ya Julai ni nyumba nzuri sana. Lakini hewa aliyoikohoa bibi saa tatu usiku, mtoto anaivuta mpaka alfajiri. Tulimpima bibi, TB ipo. Mtoto naye tukamwanzishia dawa.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, “Wananchi wenyewe wanachelewa, wanaanzia kwa waganga wa kienyeji.” Wapo wanaoanzia huko. Huyu hakuanzia huko. Alipita milango mitatu, zahanati, duka la dawa, hospitali, na yote mitatu ni ya kwetu sisi. Tusimsingizie mganga wa kienyeji.

Ninachoomba ni hiki. Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, na mwenye virusi vya UKIMWI akikohoa hata siku moja, apewe kopo pale pale zahanati. Aelekezwe namna ya kuvuta pumzi na kukohoa kutoka ndani ya kifua, nje, penye hewa, asiteme mate. Kisha kopo ndilo lisafiri. Pikipiki ipite kwa ratiba inayojulikana, ikusanye makopo, iyafikishe kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya TB ndani ya makohozi. Mashine haichukui hata saa 2, na inakwambia pia kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Jibu lirudi kwa simu siku hiyo hiyo.

“Makohozi yataharibika, Dodoma joto.” Hili naulizwa kila mahali. Kwa kipimo hiki yanakaa hadi siku 3 nje ya friji ilimradi joto lisizidi nyuzi 35. Weka kwenye kasha la baridi, tatizo limekwisha. Jamani, makohozi yanapelekwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya waliofunzwa kutambua harufu ya TB wakayanuse, na yamewahi kutoka mpaka Dar es Salaam! Yashindwe kutoka Chamwino?

Na nchi hii yetu, Tanzania, si ya kufundishwa kazi hii. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, akafanya kazi nasi. Kupima makohozi, kumsimamia mgonjwa ameze dawa, kumwandika kwenye rejista na kumfuata mpaka amalize, mambo hayo yalijaribiwa katika vituo vyetu, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likayafanya mkakati wa dunia nzima. Rejista ile mnayoilalamikia kwamba ina safu nyingi, dunia ilijifunza kutoka kwetu. Lakini rejista huanza na mtu aliyepimwa. Mama yangu wa Bahi hakuwahi kuifikia.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi, dakika mbili. Haya, haraka. Mwambieni mgonjwa siku ya kwanza kabisa kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Ni rifampisini, si damu. Nimeona watu wameacha dawa kwa hofu hiyo tu, wakati matibabu ni miezi 6 na ni bure. Wauza maduka ya dawa tuwaite kwenye vikao vyetu, wanawaona wagonjwa kabla yetu. Maziwa mabichi na TB ya ng'ombe nilitaka kuyasema, nimekosa muda.

Wanafunzi mnaokwenda mafunzo kwa vitendo Chemba na Kongwa, mkirudi nitawauliza swali moja tu: pikipiki ya makohozi inapita kwenye zahanati yako siku gani?