Nyanya za Msimu Mgumu: Ipi Imebaki na Ladha?

MWANAIDI: Kabla ya salamu, nataka msikilizaji ajue kilichopo hapa mezani. Kuna nyanya moja, ya aina ya Brandywine. Mmea wangu umezaa nne tu msimu mzima, na hii ndiyo ya mwisho. Hatuigusi mpaka tumalize mazungumzo.

BARAKA: Nimekuwa naitazama tangu nilipoingia, dada. Harufu yake imenifikia hadi huku nilikokaa.

MWANAIDI: Vumilia kidogo. Haya, karibuni wasikilizaji wetu. Mimi ni Mwanaidi, na niko na mdogo wangu Baraka kama kawaida. Tulipokuwa tunapandikiza miche tuliwaahidi jambo: aina saba za nyanya, bustani mbili, yangu na yake, halafu tuzionje kwa haki na kusema ipi ina ladha. Wakati ule hatukujua msimu utatugeuka.

BARAKA: Umetugeuka kweli. Mimea ilipoanza kutoa maua, joto likapanda kupita kiasi. Niliamka asubuhi nikakuta maua chini, yamepukutika kana kwamba kuna mtu ametikisa shina. Mwanzoni nilidhani ni mdudu.

MWANAIDI: Ni joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na usiku nao usipopoa, chavua inaharibika na ua halishiki tunda. Mmea unakuwa wa kijani, mzuri wa kutazama, lakini hauna kitu. Brandywine wangu alikaa hivyo karibu mwezi mzima.

BARAKA: Halafu tukaomba mvua, ikaja yote kwa mkupuo. Mawingu siku baada ya siku, majani hayakauki, na bakajani, ule ugonjwa wa madoa kwenye majani, ikaingia. Kwa hiyo nyanya tulizoonja zimepitia joto wakati wa maua na maji mengi wakati wa kuiva. Msikilizaji alijue hilo kabla hatujataja aina yoyote.

MWANAIDI: Tuwaambie pia tulivyoonja. Tulichuma asubuhi moja, zote zimeiva kwa kiwango kimoja, hakuna iliyoingia kwenye friji. Tukazikata kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, ili kila kipande kiwe na nyama na ute, ule unaozunguka mbegu, pamoja. Ute ndio unaobeba sehemu kubwa ya ule mkolezo wa ladha, yaani glutamati. Mtu akikupa ukuta wa nyanya peke yake hujaionja nyanya hiyo.

BARAKA: Na tulifumba macho. Mimi nimefungwa kitambaa, dada ananipa vipande, kisha tunabadilishana. Bila chumvi. Nilisisitiza sana habari ya chumvi, kwa sababu inafunika aibu ya nyanya chapwa.

MWANAIDI: Tuanze na Sungold, zile ndogo za rangi ya chungwa. Ni chotara kutoka Japani, na sifa yake ni sukari. Nyanya ya kawaida ukiipima kwa refraktomita, kile chombo cha kupimia sukari kwenye maji ya tunda, inasoma 4 hadi 6 kwa kipimo kinachoitwa Brix. Hizi ndogo huvuka hapo kwa urahisi.

BARAKA: Yangu ilisoma 8 kabla ya mvua. Baada ya mvua ikasoma 6, na nusu ya matunda yalikuwa yamepasuka palepale kwenye kichala. Ganda lake ni jembamba; mizizi ikinywa maji kwa pupa tunda linavimba, ganda linashindwa kufuata. Lakini hata ikiwa kwenye 6 bado nilikuwa naila nikiwa nimesimama bustanini, sikufika nayo nyumbani.

MWANAIDI: Nakubali. Ilishuka, lakini ilishuka kutoka juu sana. Stupice je?

BARAKA: Hapo ndipo nilipokuwa na furaha kubwa. Stupice asili yake ni nchi ya Wacheki, inakomaa mapema, matunda yake madogo kiasi, mekundu. Siku ya kwanza ya kuonja niliipa nafasi ya kwanza. Niliizidishia hata juu ya Cherokee Purple. Ina utamu, ina uchachu, vyote vimekolea.

MWANAIDI: Nami nikakuuliza swali moja tu.

BARAKA: Uliniuliza, "Imeiva lini?" Nikakaa kimya.

MWANAIDI: Kwa sababu Stupice yako iliiva kabla mvua haijaanza. Ilipata jua lote lililokuwepo. Cherokee Purple uliyoilinganisha nayo ndiyo kwanza ilikuwa inajaa maji. Hapo hukuwa unalinganisha aina na aina. Ulikuwa unalinganisha wiki na wiki.

BARAKA: Na ndiyo maana tukarudia. Tukasubiri Stupice ziive baada ya mvua, tukazionja upya pamoja na nyingine zote. Sikuamini ulimi wangu. Mmea uleule, shina lilelile, lakini tunda la sasa lilikuwa dufu. Maji yenye ngozi nyekundu. Tofauti kati ya Stupice ya kabla na Stupice ya baada ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya aina zozote mbili tulizoonja siku moja.

MWANAIDI: Rudia hapo, Baraka. Nataka msikilizaji aisikie vizuri.

BARAKA: Tunda la kabla ya mvua na tunda la baada ya mvua, kutoka mmea mmoja, yalitofautiana kuliko aina mbili tofauti zilizoiva siku moja. Mimi nimekuwa nikifuta aina kwenye daftari langu kwa kuonja tunda moja au mawili. "Hii chapwa, sipandi tena." Nimefuta aina nyingi hivyo, na leo najiuliza ni ngapi nilizionea.

MWANAIDI: Chanzo chake kinaeleweka. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Sukari yake inatengenezwa na majani kwa kutumia mwanga, kisha inapelekwa kwenye tunda. Wakati wa mawingu majani yanatengeneza kidogo, na wakati huohuo mizizi inasukuma maji mengi. Sukari kidogo ikaingia kwenye maji mengi. Ongeza na ugonjwa unaokula majani yenyewe.

BARAKA: Na sisi tukaongezea mkasi.

MWANAIDI: Ndiyo, na hili linaniuma. Nilipoona bakajani nilikata majani mengi sana kwenye Black Krim, nikidhani naokoa mmea. Niliuokoa, haukufa. Lakini matunda yaliyobaki hayakuwa na jiko la kuwapikia. Majani yenye madoa ni lazima yaondoke, hasa ya chini yanayorushiwa udongo, ila yale mazima nayajutia. Wewe uliyaacha na Black Krim yako ilikuwa bora kuliko yangu waziwazi.

BARAKA: Yangu ilibaki na ule ukolezo wake, kama vile imeshatiwa chumvi tayari. Jina lake linatokana na Krimea, kule kwenye Bahari Nyeusi. Nilipofumba macho niliitambua kwa mara ya kwanza kabisa, bila kubahatisha. Yako sikuitambua.

MWANAIDI: Sasa tufike kwenye Cherokee Purple, maana hapa nina mengi. Hii ni mbegu ya zamani iliyokuwa ikitunzwa na watu majumbani huko Tennessee, Marekani. Mwaka 1990 mkulima wa bustani aitwaye Craig LeHoullier alitumiwa mbegu zake kwa barua, na yeye ndiye aliyeipa jina. Rangi yake ya zambarau-kahawia inatokana na ukijani kubaki ndani ya tunda wakati wekundu unaingia. Baada ya mvua, kipimo cha sukari kilisema imeshuka kama wenzake. Lakini mdomoni bado ilikuwa tamu. Nikapima tena nikidhani chombo kimekosea.

BARAKA: Hakikukosea.

MWANAIDI: Hakikukosea. Ni harufu. Tunachokiita ladha ya nyanya ni sukari, asidi, na juu yake harufu nyingi ndogondogo zinazopanda puani kutokea nyuma ya koo wakati unatafuna. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Florida walichapisha kazi waliyoifanya kwa takriban aina 400 za nyanya, za kisasa, za zamani na za mwituni. Walionyesha kwamba aina nyingi za kisasa zimepoteza sehemu ya harufu hizo, kwa sababu wazalishaji wa mbegu walikuwa wanachagua mazao mengi na tunda gumu la kusafirishwa. Na baadhi ya harufu zinaufanya ulimi uhisi utamu hata sukari isipoongezeka.

BARAKA: Kwa hiyo Cherokee Purple ilipoteza sukari lakini harufu ikambeba.

MWANAIDI: Ndivyo ninavyoisoma. Na ndiyo sababu nasema kwa msimu mbaya, nyanya ya kutafuta ni ile yenye harufu. Sukari inakuja na kuondoka na jua.

BARAKA: Naafiki, ila kwa sharti moja: isiingie kwenye friji. Mwaka 2016 kuna utafiti uliweka nyanya kwenye nyuzi 5 kwa wiki moja. Sukari na asidi hazikuguswa sana, harufu ndiyo iliyoporomoka, na hata zilipotolewa nje haikurudi ilivyokuwa. Unaweza kuhangaika na Cherokee Purple miezi mitatu, ukamalizia kazi yote kwa kuifungia kwenye baridi.

MWANAIDI: Green Zebra tulibishana.

BARAKA: Bado tunabishana. Mimi siiwezi. Ilitoka kwa mtu mmoja anayeitwa Tom Wagner, mwaka 1983, yenye michirizi ya kijani na kijani-njano, na sifa yake ni uchachu. Mwaka wenye jua uchachu huo unasindikizwa na utamu. Msimu huu utamu haukuja, ukabaki ukali mtupu. Ilinikunja uso.

MWANAIDI: Mimi iliniamsha. Baada ya vipande vitano vya maji-maji, hatimaye kitu chenye msimamo. Na wewe uliichuma mapema, nilikuambia. Usubiri mapengo kati ya michirizi yawe ya njano na tunda libonyee kidogo.

BARAKA: Nilizichuma mbili mapema, dada, si zote.

MWANAIDI: Sawa. San Marzano tusiikalie sana. Ikiwa mbichi ilikuwa chapwa, lakini kuila mbichi si kazi yake. Ni nyanya ya kuchemsha hadi maji yaondoke, na ilipochemka iliridhisha. Shida yake ilikuwa kuoza kitako. Maji yakija kwa vipindi, ukame halafu mafuriko, kalsiamu haifiki vizuri kwenye ncha ya tunda. Nilipoteza karibu kichala cha kwanza chote. Matandazo mazito yangesaidia.

BARAKA: Kabla hatujafika kwenye ile ya mezani, tuseme habari ya kuchuma mapema, maana tulijaribu. Mimi nimekulia kwenye imani kwamba nyanya lazima iivie shinani mpaka iwe nyekundu kabisa.

MWANAIDI: Nami mvua inaponyemelea nachuma mara tu rangi inapoanza kugeuka, naweka ndani mahali penye hewa, nje ya jua. Tunda likishafikia hapo linaendelea kuiva lenyewe kwa gesi yake ya ethilini.

BARAKA: Ulinipa Cherokee Purple mbili nikiwa nimefumba macho, moja ya shinani na moja ya ndani. Sikuweza kuzitofautisha. Nilijaribu mara tatu. Na ile ya shinani ilikuwa imenywa mvua ya siku nne zaidi. Sungold niliweza kuzitenga, ya shinani ilikuwa bora. Kwa kubwa nimebadilisha msimamo wangu.

MWANAIDI: Nashukuru umelisema hewani. Haya. Kisu.

BARAKA: Hii imeiva lini?

MWANAIDI: Swali zuri. Mvua ilikata siku kumi na moja zilizopita. Wakati huo ilikuwa bado ya kijani, imeanza kung'aa tu. Kwa hiyo imepata jua siku zote hizo, na sikumwagilia hata mara moja. Mmea una majani machache yaliyobaki, lakini haya hapa ni kazi ya majani hayo, na hakukuwa na tunda lingine la kugawana nalo.

[Sauti ya kisu kwenye ubao]

BARAKA: Tazama ndani. Nyama tupu, ute uko kwenye vijumba vidogo vidogo. Mabega bado yana umanjano kidogo.

MWANAIDI: Hilo ni joto la mwanzo kabisa la wiki hii. Likizidi nyuzi 30 wekundu hautengenezwi vizuri, umanjano unabaki. Kata upande wa chini wa mabega. Onja.

BARAKA: ...

MWANAIDI: Sema kitu, kaka, watu hawakuoni.

BARAKA: Inaanza na uchachu, mdogo tu. Kisha utamu unakuja taratibu, na baada ya kumeza ndipo harufu inapanda. Bado inapanda. Dada, wiki tatu zilizopita tulionja ya pili kati ya hizi nne, na niliandika "haina maana, ng'oa".

MWANAIDI: Daftari unalo hapo?

BARAKA: Ninalo. Nafuta.

MWANAIDI: Usile ute wote. Hii si chotara kama Sungold, mbegu zake zinatoa nyanya kama mama yake. Kamulia kwenye kikombe hiki, tutauacha uchachuke siku mbili tatu, mbegu zizame, tuzioshe na kuzianika. Umekamua?

BARAKA: Nimekamua. Kuna kama thelathini hivi.

MWANAIDI: Zinatosha bustani mbili.