Nani anamgusa nani ndani ya protini

Mhadhara kwa walimu wa sayansi, wauguzi na wanafunzi, Lindi mjini

Wazee mliopo, shikamooni. Walimu wenzangu, wauguzi mliotoka zamu na bado mkaja, vijana wa kidato cha tano na cha sita, ahsanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya kwenye kompyuta. Kwa kifupi, napima umbali. Nachukua umbo la protini, nauliza asidi amino ipi imeigusa ipi, kisha naangalia mgusano huo una kazi gani. Kupima ni rahisi mno. Ugumu uko kwenye kuamua kipi kihesabiwe kuwa ni mgusano, na hapo ndipo watu wengi hupita mbio.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina zake ni 20, nazo hupangwa kwa mfuatano unaoamriwa na jeni. Mnyororo haukai umenyooka, hujikunja. Ukishajikunja, asidi amino zilizoachana mbali kwenye mfuatano hujikuta zimekaribiana. Watu wa Lindi hili halihitaji maelezo marefu. Ukisimama pale ufukweni, Kitunda unaiona kwa macho, na kwa kivuko ni safari fupi. Kwa barabara lakini unazunguka ghuba yote kupitia Mingoyo. Mfuatano wa protini ni ile barabara, na migusano ninayoitafuta mimi ni ya kivuko.

Mfano halisi ni himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ina minyororo minne: alfa miwili yenye asidi amino 141 kila mmoja, na beta miwili yenye 146. Kwenye beta, histidini namba 63 na histidini namba 92 zimeachana kwa hatua 29, lakini zinakaa pande mbili za kibati kimoja chenye atomu ya chuma, pale oksijeni inapodandia. Ile ya 92 imekishika chuma chenyewe. Ukisoma mfuatano peke yake, hutaambiwa hayo.

Tunapima vipi? Maumbo yaliyopatikana maabara, mengi kwa kupiga eksirei kwenye fuwele za protini, yamewekwa kwenye hazina moja ya dunia iitwayo Protein Data Bank, iliyoanza mwaka 1971. Sasa yamezidi 200,000, na kila mtu anapakua bure. Faili lenyewe ni maandishi matupu. Kila atomu ina mstari wake, na kwenye mstari kuna jina la atomu, asidi amino yake, herufi ya mnyororo, namba, kisha namba tatu zinazoonyesha mahali ilipo. Umbali kati ya atomu mbili ni kanuni ya Pythagoras ya kidato cha pili, imeongezwa mhimili mmoja tu. Tuseme atomu moja iko (2, 3, 1) na nyingine (5, 7, 1). Tofauti ni 3, 4 na 0. Kipeo cha pili cha 3 ni 9, cha 4 ni 16, jumla 25, na kipeuo chake ni 5. Hizo ni angstromu 5. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Mnyororo mmoja wa beta una jozi 10,585 za asidi amino, na kompyuta ya shule inazimaliza kabla hujavuta kiti.

Sasa, hizo angstromu 5 ni mgusano au si mgusano? Inategemea umeulizwa nini. Kila asidi amino ina kaboni alfa, iliyo kwenye uti wa mnyororo, na kaboni beta, ya kwanza kwenye tawi lake; majina haya hayahusiani na minyororo ya alfa na beta. Wanaolinganisha maumbo ya jumla hupima kutoka kaboni beta hadi kaboni beta na kukubali chochote kilicho chini ya angstromu 8. Asidi amino iitwayo glisini haina kaboni beta, kwa hiyo hutumiwa kaboni alfa yake. Wanaotaka kujua kama atomu zinasukumana au kushikana kweli hupima atomu zote isipokuwa haidrojeni na kuweka kikomo cha 4.5 au karibu na hapo. Kifungo cha haidrojeni kwa kawaida hakizidi 3.5. Atomu mbili za salfa zilizofungana, kila moja ya asidi amino iitwayo sisteini, ziko kama 2.05 tu. (Protini ya korosho iitwayo Ana o 3, inayowaletea baadhi ya watu mzio mkali, ni ya jamii inayoshikiliwa na vifungo vinne vya namna hiyo. Kuchoma korosho hakumwondolei mtu huyo hatari.)

Asidi amino zinazofuatana kwenye mnyororo huwa na angstromu 3.8 kati ya kaboni alfa zao, mtake msitake. Ukizihesabu hizo utapata migusano mingi isiyokuambia kitu. Kwa hiyo tunaziruka, na wengine huruka hata jirani wa tatu au wa nne, kwa sababu msokoto wa alfa, yaani mnyororo uliojizungusha kama springi, una asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko, na wa nne anarudi karibu bila kuombwa.

Jambo moja linanikera. Mtu anaweka kikomo 4.5, kisha jozi ya 4.4 anaiandikia ukurasa mzima na jozi ya 4.6 anaitupa. Umbo lenyewe lina mashaka yake, hasa matawi ya nje yanayochezacheza majini. Mimi humwambia: jaribu vikomo vitatu. Kama hitimisho lako linabadilika kila ukisogeza kidogo, bado huna hitimisho.

Nije kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na wauguzi mlioko hapa mnawajua kwa majina. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti. Mwaka 1956 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti iko kwenye kipande kimoja kidogo, na baadaye ikajulikana ni asidi amino moja: kwenye beta namba 6, glutamati imeondoka, ikaingia valini. Glutamati ina chaji hasi na hupenda maji. Valini ina tabia ya mafuta, huyakimbia.

Fungua umbo la mnyororo mmoja wenye valini hiyo, ulinganishe na wa kawaida. Karibu hutaona tofauti. Pima migusano yote ndani ya mnyororo, bado utarudi mikono mitupu. Valini ile iko nje, imekaa juu ya uso wa molekuli, na mgusano wake wa maafa ni wa molekuli ya jirani: inaingia kwenye kishimo chenye fenilalanini 85 na lusini 88 za beta ya himoglobini nyingine. Kishimo hicho huwa tayari kuipokea pale himoglobini inapokuwa imeshusha oksijeni. Molekuli zinashikana moja baada ya nyingine, zinakuwa nyuzi, nyuzi zinaivuta seli nyekundu mpaka inapinda kama mundu. Anayechambua mnyororo mmoja mmoja, hata kwa programu ghali, haoni lolote. Nawaambia hivyohivyo wanaotegemea maumbo ya kubashiriwa na AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini kutoka kwenye mfuatano wake, kazi iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Nobel ya kemia mwaka 2024. Ni kazi kubwa, naitumia kila wiki. Lakini ukiiuliza mnyororo mmoja, itakujibu mnyororo mmoja.

Angalieni tena kishimo kile. Kando ya 85 na 88 kuna namba 87. Kwenye beta ni threonini. Kwenye himoglobini ya mtoto tumboni, mnyororo wa gama, unaokaa mahali pa beta, una glutamini pale pale, na glutamini hiyo inavuruga kushikana. Ni moja ya sababu zinazofanya mtoto mwenye selimundu asiugue miezi ya mwanzo, mpaka himoglobini ile ya tumboni ipungue. Dawa ya haidroksiurea mnayowapa wagonjwa huiongeza tena. Na Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni inayompa mgonjwa beta yenye glutamini kwenye 87. Mgusano mmoja, umevurugwa kwa makusudi.

Kwa walimu wanaotaka kufanya hili darasani: pakueni faili 2HBS, himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni. Lina molekuli mbili kamili, minyororo minane, herufi A hadi H. Jihadharini na namba: wanaosoma jeni huhesabu na methionini, asidi amino ya mwanzo ambayo baadaye hukatwa, kwa hiyo 6 yetu kwao ni 7. Kila molekuli ina valini 6 mbili, na ni moja tu kati ya hizo inayoingia kwenye kishimo cha jirani. Waambieni wanafunzi waitafute ni ipi, kwanza kwa kikomo cha 4.5, halafu kwa 8, na wasisahau kuzalisha kwa programu majirani wa fuwele, yaani nakala za molekuli zinazopakana nazo ndani ya fuwele, maana anayetafutwa anaweza asiwemo ndani ya faili. Nimeliacha kwenye flashi hapo mezani. Karibuni maswali.