Nahau za Kiingereza: usikariri maana, kamata sentensi nzima

Assalamu alaikum, karibuni barazani. Leo nimeutoa ubao nje kwa sababu ndani umeme umekatika. Mkisikia vikombe vinagongana, huyo ni muuza kahawa anapita. Tupo Mji Mkongwe, mumvumilie.

Somo letu ni nahau za Kiingereza na namna ya kuzitumia ndani ya sentensi. Maana zake si shida, simu yako itakupa kwa sekunde mbili. Shida huanza pale unapofungua mdomo.

Nikupeni kisa changu. Mwaka wa kwanza nilipoanza kutembeza wageni nilikuwa nimekariri kwamba "Break a leg" ni kumtakia mtu kheri. Siku hiyo nina mgeni mmoja, bibi mtu mzima na mkongojo wake, anataka kupanda ngazi za nyumba ya kale. Ngazi zetu mnazijua zilivyosimama. Nikamtazama kwa huruma, nikamwambia kwa tabasamu zuri kabisa, "Break a leg, Mama!" Akanitazama, akazitazama ngazi, akarudi kukaa. Maana niliijua sawasawa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba maneno yale huambiwa mtu anayekwenda jukwaani, kuimba au kuigiza. Nilichomwambia yule bibi ni avunjike mguu, basi.

Haya, hatua ya kwanza ni daftari. Kamera isogee hapa, muone ukurasa. Nimeugawa mapande matatu: pande hili sentensi nzima kama nilivyoisikia, hili nani kamwambia nani na wakati gani, na hili la mwisho liko tupu, ni la sentensi yangu mwenyewe. Pande la maana halimo, nimeliacha makusudi.

Tusome huu mstari wa juu. "Let me sleep on it." Pembeni nimeandika: mgeni, kwa muuza mikeka, Darajani, baada ya kutajiwa bei. Muuza mikeka yule ni sahibu yangu. Aliposikia "sleep" akautandaza mkeka chini, akaupangusa kwa mkono, akamwashiria mgeni ajinyooshe aujaribu. Mgeni naye mtu wa adabu, akajilaza pale pale katikati ya wapita njia. Mkeka uliuzwa, lakini alichokuwa akisema maskini ni "niache nilifikirie hadi kesho". Ile "it" ni shauri analotaka kuliamua, wala haiondoki. Ukisema "Let me sleep" peke yake, umeomba kitanda.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi, kwa hiyo tutakaa hapa. Chukua chaki mbili. Nyekundu ni ya maneno yanayobadilika, nyeupe ni ya yasiyoguswa. Naandika: "You are pulling my leg." Yaani unanitania. "Pulling" naipaka nyekundu, kwa sababu jana ilikuwa "pulled" na kesho ni "will pull". "My" nyekundu pia: "his", "her", kwa kadiri ya anayetaniwa. "Leg" inabaki nyeupe. Unayo miguu miwili, lakini usiseme "my legs", Kiingereza kinavuta mmoja tu. Tena msichanganye na kwetu, ambako mvuta miguu ni mtu anayejikokota. Huyo Kiingereza kina nahau yake, "drag your feet", na hapo miguu inarudi kuwa miwili. Usiniulize kwa nini.

Sasa linganisheni na hii: "I will show you the ropes." Hapa wingi haubanduki, daima ni "ropes". Nahodha wa jahazi akikushikisha demani, ile kamba ya tanga, amekuonyesha kamba kwelikweli, lakini mkuu wa mapokezi wa hoteli akikuambia hivyo siku yako ya kwanza kazini, anakuahidi kukufundisha taratibu za kazi. Kitenzi kinabadilika: yeye "shows you the ropes", wewe "learn the ropes", na baada ya miezi kadhaa "you know the ropes". Nahau moja imekupa sentensi tatu.

Jaribu pia kuigeuza kauli ya kutendwa. "He kicked the bucket" ni amekufa. Ukiigeuza ikawa "The bucket was kicked by him", hakuna aliyekufa, imepigwa teke ndoo. Ukiona ajabu, rudi nyumbani kwenye Kiswahili. Tunasema "Mzee amekula chumvi nyingi", tukimaanisha ameishi miaka mingi. Jaribu kusema "Chumvi nyingi imeliwa na mzee". Hapo watamkimbiza kupima presha. Nahau zao zina mwiko huo huo, ila za kwetu tumezinyonya na maziwa, hatujazifikiria.

Hatua ya tatu ni kuangalia unamwambia nani. Hiyo "kick the bucket" usiipeleke msibani wala kwa mgeni anayekuhadithia habari za marehemu mumewe. Ni maneno ya mzaha, kama sisi tunavyosema fulani amekata kamba. Kwa heshima sema "He passed away". Sisi tuna "ametangulia mbele ya haki", na hakuna mtu mwenye akili zake atakayechanganya hizo mbili mbele ya wafiwa.

Hatua ya nne, tafuta mwenzake wa Kiswahili, lakini mtafute kwa tendo, usimtafute kwa neno. "Who spilled the beans?" Ukifasiri neno kwa neno unapata maharage yaliyomwagika jikoni. Uliza kwanza: tendo gani limetendeka? Siri imetolewa. Basi sisi tunaye mtu wetu, yule aliyemwaga mtama penye kuku wengi. Wao maharage, sisi mtama, na kosa ni moja. Ukishawaunganisha hivyo, nahau haisahauliki tena.

Nyingine haina mwenzake, iache tu. "Once in a blue moon" ni kwa nadra sana, na huwekwa mwishoni: "He visits Pemba once in a blue moon." Mwezi wenyewe kwa kawaida hauwi wa buluu. Siku hizi jina hilo hupewa mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, jambo linalotokea kama kila miaka miwili na nusu, kwa kuwa kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29 na nusu, na Januari ina 31. Kwa anayehesabu kwa mwandamo haliwezekani kabisa: Rajabu au Shaabani ina mwezi mpevu mmoja tu.

Na ile "It's raining cats and dogs" tuliyofundishwa skuli, ijueni ili muielewe, lakini msiikimbilie. Masika ikishuka, semeni "It's pouring". Waingereza wenyewe ndivyo mtakavyowasikia wakisema.

Hatua ya tano ni ya maneno yasiyo na picha ndani, na haya ndiyo yanayoharibu barua za kuomba kazi. Andikeni: "I look forward to hearing from you." Wengi huandika "to hear". Kipimo chake rahisi: weka nomino pale penye kitenzi. "I look forward to your reply." Imekaa? Imekaa. Basi "to" hii inataka kitu mbele yake, na kitenzi kikija lazima kivae "-ing". Barua nilizosahihisha zenye kosa hili, mkeka mzima hauzitoshi.

"By and large" ni kwa ujumla, na hii imetoka baharini: "by" ni chombo kukwenda kwa kukabili upepo, "large" ni upepo kukisukuma kutoka nyuma. Chombo kinachokwenda vizuri hali zote mbili, kwa ujumla ni kizuri. Iweke mwanzoni, kisha mkato: "By and large, the guests were happy."

Sasa lile pande tupu la daftari. Chagua nahau moja tu leo, uiandikie sentensi tatu: moja ya jana, moja ya mtu mwingine, moja ya kuuliza. "I learned the ropes in Nungwi." "She knows the ropes." "Can you show me the ropes?" Zisome kwa sauti, hata kama nyumbani watakucheka.

Mimi jua linanikimbia, na ubao siuoni vizuri. Mtu akimaliza kazi husema "Let's call it a day." Ikiwa kumeshaingia giza atasema "Let's call it a night." Kwa hiyo kabla sijafuta ubao, tazameni hilo anga nyuma yangu, mniambie nimalize kwa ipi.