Tarakimu za nasibu hazitoki kichwani

Walimu wenzangu wa Goma, jambo hili la kupata tarakimu za nasibu, yaani zinazotoka kwa bahati tu, kila moja ikiwa na nafasi sawa, tumelibishania mno, nami sichoki. Usimwambie mwanafunzi "andika tarakimu 100 ovyoovyo". Ataandika 3, 7, 1, 9, na akishaandika 7 anaogopa kuweka 7 nyingine pembeni, anaona kama anadanganya. Hesabuni basi. Tarakimu 100 zina jozi 99 za majirani, na kila jozi ina nafasi moja kati ya kumi ya kufanana. Mapacha kama kumi hivi lazima tuwaone. Kwenye daftari mtakuta wawili, watatu. Kichwa cha mtu hakijui ovyo!

Mtaniambia tuchukue bei za soko la Virunga. Bei gani ya faranga isiyoishia na sifuri? Namba za simu? Za mwanzo ni za kampuni, na za mwisho watu wanachagua zinazokumbukika. Hata Tippett, mwanatakwimu Mwingereza, mwaka 1927 hakuzitunga tarakimu 41,600 za jedwali lake la nasibu. Alizichota kwenye takwimu za sensa ya Uingereza.

Sisi tuna vizibo vya soda. Kumi vya aina moja, 0 hadi 9, ndani ya mfuko usioonyesha. Zipigieni 6 na 9 mstari chini, la sivyo mtagombana. Kizibo kilichopinda kitupeni, vidole vitakizoea. Chota, soma, rudisha, tikisa. Rudisha! Asiyerudisha hapati mapacha kamwe, tumerudi palepale.

Sasa swali. Tuseme kwenye kartie (mtaa) fulani uwezekano wa umeme kukatika kila usiku ni asilimia 30. Kwa juma moja, kuna uwezekano gani wa kulala gizani angalau siku mbili mfululizo? 0, 1 na 2 ni giza, zilizobaki mwanga. Si 0 hadi 3, mama mwalimu pale nyuma. Hizo ni nne, umefika asilimia 40. Chota saba, moja kwa kila usiku, hiyo ni raundi moja: 4 1 8 0 2 7 5. Giza la 0 na la 2 yamefuatana, andika ndiyo. Tena: 2 6 1 9 9 0 3. Giza mara tatu, hakuna yanayogusana: hapana.

Hesabu kamili inatoa karibu asilimia 38. Kwa raundi 100 mtapata kwa kawaida "ndiyo" kati ya 28 na 47, msilalamike. Kupunguza kuyumba huko kwa nusu kunataka raundi 400, si 200: wanafunzi 40, raundi kumi kila mmoja. Na idadi ipangwe mapema, mtu asiache pale jibu linapompendeza.

Haraka haraka: uwezekano ukiwa asilimia 35, soma tarakimu mbilimbili, 00 hadi 34 ndiyo giza. Mkitaka kuigiza dadu, ruka 0, 7, 8 na 9. Na transfoma ikiungua leo, kesho pia ni giza, vizibo havijui hilo. Hapo wekeni kanuni ya pili: baada ya usiku wa giza, tuseme, 0 hadi 5 ndiyo giza.